Kila Kamba Mahali Pake: Bandari ya Gloucester kwa Mkono wa Fitz Henry Lane

Baharia haujui mji kwa mitaa yake. Anaujua kwa alama zinazoonekana kutoka majini: mnara wa kanisa, paa refu la ghala, kisiwa kinachoificha ngome mpaka chombo kifike mahali fulani, mwamba unaochomoza maji yakipwa na kuzama yakijaa. Alama mbili zikiingiana, moja nyuma ya nyingine, nahodha anajua yupo wapi na wakati gani ageuze usukani. Akizisoma vibaya, chombo kinapanda mwamba. Kwa karibu miaka 30 ya karne ya 19, mchoraji wa Kimarekani Fitz Henry Lane aliuchora mji wake wa Gloucester kwa jicho hilo, aghalabu akiutazama kutoka upande wa maji, na hakuchoka kuurudia.

Wanaomsifu leo husifu zaidi utulivu wake: anga pana la jioni, maji yaliyolala, vyombo visivyo na haraka ya kwenda popote. Ni sifa ya haki. Lakini mimi huvutwa na jambo lililoutangulia utulivu huo. Kabla ya mwanga zilikuja kamba, milingoti, vipimo na mistari ya penseli. Naamini mwanga wake unatushika kwa sababu kila kitu unachokiangukia kimeshajulikana vilivyo, na mkono uliokichora haukuwa ukibahatisha.

Gloucester ipo kwenye rasi ya Cape Ann, jimbo la Massachusetts, kaskazini-mashariki ya Boston. Ni mji wa wavuvi, na walowezi wa Kiingereza walitua hapo tangu mwaka 1623. Siku za Lane, skuna zake, vyombo vyembamba vya milingoti miwili, zilikwenda kuvua mbali na pwani zikarudi na samaki wa kupasuliwa, kutiwa chumvi na kuanikwa kwenye vichanja mpaka wakawa ng'onda. Lane alizaliwa katika harufu hiyo tarehe 19 Desemba 1804, akaitwa Nathaniel Rogers Lane. Baba yake alikuwa fundi wa kushona matanga. Akiwa bado mtoto mdogo miguu yake ilipooza. Jamaa zake walisimulia baadaye kwamba alikula mmea wa sumu wa jamii ya mnanaha. Iwe ndiyo sababu au la, alitembea kwa magongo maisha yake yote. Katika mji ambao mvulana alitazamiwa kwenda baharini kama walivyokwenda wakubwa wake, yeye alibaki pwani akitazama vyombo vikitoka na kurudi.

Kutazama peke yake hakumfanyi mtu kuwa mchoraji. Jamaa yake mmoja alieleza kwamba Lane aliwahi kushona viatu, na kwamba alipoona anachora vizuri kuliko anavyoshona, akaenda Boston kujifunza. Mwaka 1831 aliomba serikali ya jimbo imbadilishie jina, akawa Fitz Henry. Mwaka uliofuata aliingia katika duka la uchapaji la Pendleton mjini Boston, naye alikuwa na umri wa miaka 27. Hapo ndipo mkono wake ulipofundwa.

Duka la Pendleton lilichapa kwa jiwe, yaani litografia, na inafaa tuitazame kazi hiyo taratibu kwa sababu alama zake hazikumtoka Lane tena. Jiwe la chokaa husuguliwa likawa laini kabisa. Mchoraji huchora juu yake kwa chaki yenye mafuta. Kisha jiwe hutiwa dawa na kulowanishwa: penye jiwe tupu maji hukaa na kuukataa wino, penye mafuta wino hushika. Karatasi ikigandamizwa juu yake, picha huhamia. Lakini huhamia kinyume. Kwa hiyo fundi wa jiwe sharti auchore mji mzima umegeuka: kanisa la mkono wa kulia likae kushoto, merikebu inayoingia ionekane inatoka, na herufi za kichwa cha picha ziandikwe kama zinavyoonekana ndani ya kioo. Kufuta ni taabu kubwa. Rangi hakuna, kuna weusi, weupe na daraja zote za katikati, nazo hupatikana kwa kukaza mkono au kuulegeza.

Mtu aliyepitia shule hiyo hutoka na tabia tatu. Hupanga kabla ya kugusa, kwa kuwa kosa ni ghali. Hujua daraja za mwanga na kivuli kabla hajafikiri juu ya rangi. Na huheshimu vitu kama vilivyo, kwa kuwa wateja wa duka la namna hiyo huleta kazi za biashara: majalada ya nyimbo, matangazo, majengo, mandhari za miji. Benjamin Champney, mchoraji aliyefanya kazi katika duka hilo hilo na baadaye akaandika kumbukumbu zake, alimkumbuka Lane kuwa mtu wa usahihi mkubwa, aliyejua barabara namna vitu vinavyoonekana vidogo kwa umbali, namna vyombo vinavyoundwa na namna vinavyoendeshwa. Mtu wa magongo, ambaye hakupata kuwa baharia, alisifiwa kwa kujua ubaharia.

Mwaka 1836 Lane alichora kwenye jiwe mandhari ya mji wake. Alirudia mwaka 1846, kisha mwaka 1855. Mtu akiziweka picha hizo tatu pamoja, anauona mji ukikua: maghala yanazidi, magati yanasogea majini, nyumba zinapanda vilima. Reli ilifika Gloucester mwaka 1847, katikati ya picha ya pili na ya tatu. Mnunuzi wa picha ya namna hii ni mtu anayeishi ndani yake. Haitazami kama mgeni anavyoitazama. Kwanza anatafuta nyumba yake, kisha ya jirani, kisha gati la mtu anayemdai. Dirisha likipungua, atasema. Sijui kama kuna mtihani mkali kuliko huo kwa mchoraji, na Lane aliufanya mara tatu hadharani.

Mwenda tezi na omo hurejea ngamani. Mnamo mwaka 1848 Lane aliihama Boston akarudi kwao, na mwaka 1849 alijijengea nyumba ya mawe kwenye kilima cha Duncan's Point, juu ya bandari. Nyumba ile, yenye paa la pembe saba zilizochongoka, aliisanifu mwenyewe, na bado imesimama. Chumba chake cha kazi kilikuwa juu, kikiiangalia bandari yote. Mtu angedhani kwamba fundi mwenye dirisha kama hilo hana haja ya kutoka. Yeye alitoka sana.

Alitoka kwa mashua. Rafiki yake Joseph L. Stevens mdogo, mtu wa Gloucester mwenye asili ya Castine huko Maine, alikuwa mwenzake wa safari nyingi. Ardhini magongo yalimchelewesha. Majini alikuwa sawa na mwingine yeyote, amekaa kitako, karatasi juu ya ubao, mtu mwingine akipiga kasia. Jamaa mmoja alisimulia kwamba aliwahi hata kupandishwa kwa kamba mpaka juu ya mlingoti wa chombo kilichokuwa bandarini, ili aione mandhari kutoka urefu alioutaka. Lakini kwa kawaida alikaa kwenye mashua, ndiyo maana katika picha zake nyingi mahali pa mtazamaji ni mahali pa mwenye mashua: chini, karibu na maji, ufuko umejitandaza mbele yake mkono hata mkono.

Michoro ya penseli aliyoifanya katika safari hizo ndiyo inayonifanya nimvulie kofia. Mingi imehifadhiwa Cape Ann Museum, Gloucester. Mandhari ikiwa pana, aliunganisha karatasi mbili, tatu au zaidi ubavu kwa ubavu, mchoro ukawa mkanda mrefu. Mstari wake ni mwembamba na hausitisiti. Anafuata mgongo wa kilima, anashuka kwenye rasi, anaweka mnara, anaweka mwamba, anaendelea. Kivuli ni kidogo sana. Maji hakuyachora. Anga hakulichora. Vyombo mara nyingi havimo. Anayetazama kwa mara ya kwanza anaweza kudhani kazi imeachwa njiani.

Haikuachwa. Lane alikuwa anatenganisha vitu vya aina mbili. Kilima, mwamba na mnara havihami. Hivyo sharti uvipate mahali pake, kwa uwiano wake, ukiwa papo hapo, kwa sababu kumbukumbu hudanganya. Mawingu, upepo, maji na vyombo huhama. Hivyo utavileta mwenyewe baadaye, chumbani, kwa elimu uliyo nayo. Penseli ilikuwa ya mambo yanayodumu. Rangi ilikuwa ya mambo yanayopita. Kwa mpangilio huo mchoro mmoja uliweza kuzaa picha kadhaa: asubuhi moja, jioni moja, maji yamejaa hapa, yamekupwa pale. Baada ya kifo cha Lane, Stevens aliandika maelezo kwenye michoro mingi: nani walikuwa pamoja safarini, ni lini, na nani aliyeagiza picha iliyotokana nayo. Kwa sababu ya maelezo hayo tunaweza kuifuata kazi kutoka kwenye karatasi mpaka ukutani kwa mnunuzi.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuuhamisha mchoro kwenye turubai, na hapo tabia ya mtu wa jiwe inarudi. Wataalamu waliozichunguza baadhi ya picha zake kwa miale ya infraredi wameona penseli chini ya rangi: mstari wa ufuko uliowekwa kwa uangalifu, milingoti iliyopigwa kwa rula, vyombo vilivyopangwa mahali pake kabla brashi haijalowa. Juu ya mchoro huo alipaka anga kwa tabaka nyembamba, rangi moja ikiyeyukia nyingine hata huoni brashi ilipopita. Mwisho kabisa zilikuja kamba, kwa brashi nyembamba mno, mstari mmoja mmoja.

Basi tuzitazame kamba hizo. Mhakiki Clarence Cook alimtembelea Gloucester mwaka 1854, akaandika kwamba Lane alijua jina na mahali pa kila kamba ya chombo, na alijua chombo kinavyokaa katika kila upepo, kikitazamwa kwa omo au kwa tezi. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anaelewa uzito wa sifa hiyo. Henza ina kazi yake na demani ina kazi yake. Foromali haitwekwi kwa kamba yoyote iliyo karibu. Katika merikebu ya milingoti mitatu kamba ni nyingi kiasi kwamba mchoraji mvivu huzigeuza kuwa utando wa buibui na kutumaini hakuna atakayehesabu. Lane hakufanya hivyo. Kamba yake hutoka mahali na kufika mahali. Inayobeba uzito imekaza. Isiyobeba imelegea kidogo. Wateja wake wengi walikuwa wenye vyombo, wafanyabiashara na manahodha, watu ambao kamba iliyokosea ingewaudhi kama jina lililokosewa.

Usahihi huo hauishii kwenye chombo kimoja. Ukitaka kuupima ufundi wa picha ya bandari, tafuta upepo. Upepo ni mmoja, na kila kitu bandarini kinautolea ushahidi: bendera, moshi, tanga, mawimbi madogo, na hata chombo kilichotia nanga, kwa kuwa chombo hicho huelekeza omo kule upepo unakotoka, au kule mkondo unakotoka ikiwa mkondo una nguvu zaidi. Katika picha za Lane mashahidi hawa hawapingani. Bendera ikining'inia, tanga nalo limeshuka tumbo. Chombo kinachojaribu kutoka katika shwari kina mashua mbele yake, watu wanakivuta kwa makasia. Skuna tupu imeelea juu, iliyojaa imezama. Katika picha yake ya mwaka 1863 ya skuna za mbao kwenye ghuba ya Penobscot, huko Maine, mbao zimepangwa mpaka juu ya sitaha na vyombo vimekaa majini kwa uzito unaostahili mzigo huo. Hakuna maelezo yanayohitajika. Mtu wa baharini anaisoma kama barua.

Mtunzi wa mashairi yetu ya kimapokeo atalielewa hili upesi. Mizani na vina havimnyimi uhuru. Akishavizoea vikawa sehemu ya pumzi yake, akili yake inaachwa huru kwenda kwenye maana. Lane alikuwa ameshafika hapo. Kwa sababu mkono haukuhangaika tena na kamba, jicho lilipata nafasi ya kushughulika na kitu kigumu zaidi, nacho ni maji.

Maji matulivu ni mtego. Mwanafunzi hudhani kwamba kivuli cha chombo majini ni chombo kile kile kimepinduliwa. Sivyo. Maji humwonyesha mtazamaji kitu kana kwamba analitazama umbo lake kutoka chini ya uso wa bahari: huonyesha upande wa chini wa ubavu, tumbo la tanga, mvungu wa gati. Mlingoti ulioinama kumwelekea mtazamaji hutoa kivuli kirefu kuliko wenyewe. Ulioinama kwenda mbali hutoa kifupi. Kijiwimbi kidogo tu hukata kivuli vipande na kukivuta kije karibu nasi. Na rangi ya kivuli hailingani kabisa na ya kitu: cheupe hupoa, cheusi hupata mwanga wa anga. Lane aliyajua haya, na katika picha zake za miaka ya 1850 na mwanzo wa 1860 maji ndiyo yanayoifanya bandari iaminike. Jicho hupita juu ya uso wa bahari bila kukwaa, mpaka kwenye upeo.

Hakuanza hivyo. Katika picha zake za awali mawimbi yamepangwa kwa safu, moja baada ya jingine, kila moja na povu lake dogo mgongoni. Ni namna aliyoichukua kwa wachoraji wa bahari waliomtangulia, hasa Robert Salmon, Mwingereza aliyehamia Boston mwaka 1828 na kuuza picha nyingi za bandari. Mwaka 1845 Lane alichora jahazi la anasa *Northern Light* akifuata mchoro wa Salmon, wala hakuficha jambo hilo. Bandari zake za wakati huo zimejaa shughuli, na watu walio mbele wamesimama kikakamavu kama waliotumwa kuijaza nafasi. Binadamu hakuwa somo lake bora hata mwishoni. Mkono wake uliojua mkao wa skuna haukujua vizuri vile bega linavyoinama chini ya kikapu cha samaki.

Alichofanya kadiri miaka ilivyopita ni kupunguza. Mawimbi yalilala. Upeo wa macho ulishuka, anga likachukua sehemu kubwa zaidi ya turubai. Watu wakawa wachache, wadogo, wenye kazi mahususi: mmoja anavuta mashua, wawili wanapakua. Sehemu ya mbele, ambayo wachoraji wengi huijaza miti na mapipa ili kumshika mtazamaji mkono, yeye aliiacha kuwa maji matupu au mchanga wenye miamba michache. Hakuna anayeweza kupunguza kwa namna hiyo kama kilichobaki hakijasimama imara. Vyombo vitatu kwenye eneo pana la maji havina mahali pa kujificha. Kimoja kikikaa vibaya, picha yote inainama.

Wala hakuchora majira mazuri tu. Kuna picha yake ya vyombo vilivyoshikwa na barafu karibu na kisiwa cha Ten Pound, kisiwa kidogo chenye mnara wa taa katikati ya bandari ya Gloucester, ambako maji ambayo kwa kawaida hubeba skuna yamekuwa sakafu ya kutembelea. Picha hiyo inathibitisha kwamba kisiwa, kilima na mstari wa mji vilikuwa ni maarifa aliyokuwa nayo tayari. Majira yalipobadilika, alibadilisha kilichobadilika na kuacha kisichobadilika.

Kuna picha yake moja ambayo mtu wa Zanzibar ana haki ya kuitazama kwa jicho lake mwenyewe: bandari ya Salem, ya mwaka 1853, iliyopo Museum of Fine Arts, Boston. Salem ni jirani wa Gloucester, na wafanyabiashara wake walikuwa miongoni mwa Wamarekani waliofanya biashara nyingi zaidi na Unguja katika enzi za Sayyid Said. Mkataba wa biashara kati ya Sayyid Said na Marekani ulifungwa mwaka 1833, na mwaka 1837 mtu wa Salem, Richard Waters, akaanza kazi Unguja kama balozi mdogo wa nchi yake. Merikebu za kutoka huko zilileta kitambaa cha pamba cha viwanda vya New England, merikani tuliyoivaa na kuiuza mpaka bara, zikachukua pembe za ndovu, karafuu, ngozi na sandarusi. Sandarusi ya mrima ilisafishwa Salem na kutengenezwa vanishi. Lane hakufika pwani yetu wala hakuichora, lakini bandari alizozitazama na bandari zetu zilikuwa na hesabu katika daftari moja.

Hapo ndipo pia mipaka ya ufundi wake inapoonekana. Pembe zilizoingia Salem zilikuwa zimebebwa mabegani mwa watu, wengi wao si kwa hiari, na karafuu za Unguja zilichumwa na watumwa. Gloucester yenyewe ilifanya biashara na Suriname, koloni la Waholanzi, ikipeleka samaki wa chumvi wa daraja la chini aliyelishwa watumwa wa mashamba ya miwa, na kurudi na sukari, kahawa na asali ya miwa. Utumwa katika koloni hilo ulifutwa mwaka 1863, miaka miwili tu kabla ya kifo cha Lane. Hakuna kitu cha hayo katika maji yake matulivu. Kamba sahihi si ukweli wote. Lakini ni ukweli wa kuanzia: kwa kuwa vyombo vyake vinatambulika, na maghala yake yapo mahali pake, mtafiti anaweza kuuliza chombo kile kilikuwa cha nani na ngama yake ilibeba nini. Picha ya kubahatisha haikupi hata swali.

Lane alifariki tarehe 14 Agosti 1865. Mwaka mmoja kabla yake alichora picha ndogo kadhaa za mwamba wa Brace's Rock, nje ya bandari: ufuko, shwari, mashua kuukuu iliyoachwa mchangani, hakuna mtu. Ni picha ndogo, upana wake hata nusu mita haufiki, na ndizo alizozipunguza kuliko zote. Baada ya hapo jina lake likafifia nje ya Gloucester. Mitindo ilibadilika; brashi nzito iliyoonekana ikapendwa kuliko brashi iliyojificha. Ni katikati ya karne ya 20 tu ndipo wakusanyaji kama Maxim Karolik walipozirudisha picha zake mbele ya watu, na wanahistoria wa sanaa wakaanza kumtaja kama kiongozi wa wachoraji wa mwanga wa Marekani.

Walipomrudisha, walimrudisha kwa jina lisilo lake. Kwa miongo mingi vitabu na kuta za makumbusho zilimwita Fitz Hugh Lane. Mwaka 2005 watafiti wa kumbukumbu za Gloucester walitangaza kwamba wameliona ombi la mwaka 1831, nalo lilisema Fitz Henry. Lebo zikabadilishwa kila mahali. Mtu ambaye hakukosea kamba ya chombo cha mwenzake alikuwa amekosewa jina na wasomi kwa sehemu kubwa ya karne, na waliosahihisha walitumia njia yake mwenyewe: kurudi kwenye karatasi ya kwanza na kuisoma taratibu.

Leo Gloucester inazitumia picha hizo kama hazina ya kumbukumbu. Wanahistoria wa mji huzitazama kujua gati lipi lilikuwepo mwaka upi, skuna za aina gani zilivua vibua, ng'onda zilianikwa upande gani wa ufuko.  Aliyeyaacha maelezo hayo ni mtu aliyekaa kwenye mashua akifuata mstari wa pwani kwa penseli, kwa subira ya mtu anayejua kwamba atasahihishwa na jirani yake.

Nadhani hapo ndipo penye somo kwa wanaochora bahari hata huku kwetu. Nimeona picha nyingi za majahazi zinazouzwa kwa wageni katika miji ya pwani: machweo mekundu, tanga limevimba kwenda kushoto, bendera inapepea kwenda kulia, na foromali imefungwa kwa kamba isiyofika popote. Mgeni hufurahi, hulipa, huondoka nayo. Nahodha akipita mbele ya picha hiyo hucheka. Kati ya watazamaji hao wawili mchoraji huchagua mmoja wa kumchorea, na uchaguzi huo huonekana katika kila mstari. Lane alimchagua yule anayeweza kucheka, na mpaka leo anayeijua bahari akisimama mbele ya kazi yake hapati cha kuchekea.